Kingamwili ya GluN2B isipoonyesha kitu, au ikionyesha vingi mno: kutoka dalili hadi chanzo

GluN2B ni kijenzi kimojawapo cha kipokezi cha NMDA, aina ya kipokezi cha glutamati kinachopitisha kalisi kwenye sinapsi (viungo kati ya seli za neva) za ubongo. Kingamwili ni protini inayoshika kitu maalumu, na maabara huitumia kuonyesha protini nyingine ilipo. Kwenye katalogi za kingamwili utaikuta GluN2B kwa majina kadhaa. GluN2B ndilo la sasa, NR2B ni la zamani na bado limeandikwa kwenye chupa nyingi, GRIN2B ni jina la jeni, na makala za wanasayansi wa Japani za miaka ya 1990 huiita epsiloni 2. Tafuta kwa majina yote, la sivyo utaziacha kingamwili nzuri bila kuziona.

Ya panya ina asidi amino 1482, ya binadamu 1484. Kwa hesabu uzito wake ni kDa (kilodaltoni) 166 hivi, lakini kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa hukaa karibu na 180 kwa sababu ya sukari zilizopachikwa upande wa nje wa seli. Ncha ya N, yaani mwanzo wa mnyororo wa asidi amino, iko nje ya seli. Mkia wa C, yaani mwisho wa mnyororo, uko ndani na ni mrefu kupita kawaida, zaidi ya asidi amino 600. Sehemu kubwa ya protini hii kwenye ubongo wa mnyama mzima imekazwa ndani ya msongamano wa protini nyuma ya sinapsi, mahali ambapo detajenti laini (kemikali kama sabuni za kuyeyushia utando) hazifiki. Hiyo ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na sampuli kabla ya kingamwili. Mara nyingi chupa hulaumiwa wakati protini haikuwahi hata kufika kwenye jeli.

Kwanza uwe na sampuli mbili za kulinganishia

Mstari mmoja safi kwenye kDa 180 haujathibitisha chochote mpaka uwe na sampuli ambayo mstari huo haumo. Kwa upande wa ndiyo, tumia gamba la mbele la ubongo au hipokampasi. Kwa upande wa hapana, njia rahisi ni ubongo mdogo wa panya aliyekomaa. Kule GluN2B hupungua sana baada ya wiki za mwanzo za maisha na nafasi yake huchukuliwa na ndugu zake GluN2A na GluN2C. Usitumie ubongo mdogo wa panya wa siku kumi, kwa maana huyo bado anayo. Ini pia linafaa kama sampuli ya hapana, ingawa linakwambia machache kwa kuwa protini zake nyingi ni tofauti na za ubongo.

Kipimo kikali zaidi ni panya aliyeondolewa jeni. Panya wasio na GluN2B kabisa hawawezi kunyonya na hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, kwa hiyo tishu yao itakuwa ya kichanga. Hilo si kikwazo, maana kwa kichanga GluN2B tayari ipo huku GluN2A ikiwa bado haba. Kwa mnyama mkubwa utahitaji panya ambaye jeni limeondolewa kwenye eneo moja tu la ubongo, na hapo tegemea mstari upungue, usitegemee ufutike, kwa sababu seli nyingine kwenye kipande hicho bado zina protini.

Wasio na panya hao watumie seli za HEK293 (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) zilizopewa cDNA, yaani nakala ya jeni. GluN2B ikiwa peke yake hutengenezwa lakini hubaki ndani ya seli. Ili ifike juu ya utando wa seli lazima ipewe pamoja na GluN1, kijenzi kingine cha kipokezi. Vipokezi vikishafanya kazi, glutamati iliyomo kwenye maji ya kukuzia huua seli, hivyo ongeza kizuizi mara tu baada ya kuingiza cDNA: APV ya mikromola 200 hadi 500 inatosha. Weka njia tatu (safu za sampuli) pembeni kwa pembeni kwenye jeli: seli tupu, seli zenye GluN1 na GluN2A, seli zenye GluN1 na GluN2B. Jeli hiyo moja hujibu maswali mengi kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya muuzaji.

Peptidi (kipande kifupi cha protini) ya kuzibia inayouzwa pamoja na kingamwili si kipimo cha ukweli. Inaonyesha tu kwamba kingamwili inaishika peptidi iliyotumika kuitengeneza, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilibishia. Kingamwili ikiwa inashika protini nyingine kwa sehemu ileile ya kushikia, peptidi itaufuta mstari huo wa uongo pia, nawe utadhani umethibitisha.

Dalili: bloti ya Western haina mstari wowote

Katika bloti ya Western protini hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye karatasi, kisha hutafutwa kwa kingamwili. Anza na Ponceau S, rangi inayoonyesha protini zote, mara tu baada ya kuhamisha protini kwenda kwenye karatasi ya PVDF. Tazama eneo la juu ya kDa 150. Kama protini ndogo zimefika vizuri na juu ni peupe, tatizo ni uhamishaji. Paka jeli iliyobaki rangi ya Coomassie. Protini kubwa zilizokataa kutoka zitaonekana humo.

Kwa GluN2B tumia jeli ya asilimia 6 hadi 7.5, au ya Tris-asetati ya asilimia 3 hadi 8. Jeli ya asilimia 12 itaibana protini hii karibu na mdomo wa kishimo cha kupakia sampuli. Hamisha kwa njia ya maji, si ile ya nusu-kavu ya dakika chache: volti 100 kwa dakika 90 hadi 120 ukiwa na barafu, au volti 30 usiku kucha kwenye nyuzi joto 4. Punguza methanoli kwenye bafa (maji yenye kemikali za kutuliza pH) kutoka asilimia 20 hadi 10, kwa sababu methanoli hukaza jeli na kuiondoa SDS, detajenti kali, kwenye protini. Ukiongeza SDS kidogo, asilimia 0.01 hadi 0.05, protini kubwa hutoka kwa urahisi zaidi. Ukizidisha hapo, protini ndogo zitapita karatasi na kutokea upande wa pili. PVDF ya mikromita 0.45 ilowekwe kwenye methanoli kwa sekunde 15 hadi 30 kabla ya kuingia kwenye bafa. Ikibaki na madoa yaliyokauka, mahali hapo hapatashika kitu.

Ponceau ikiwa safi hadi juu kabisa, rudi kwenye uyeyushaji. Hapa ndipo majaribio mengi hufia. Bafa yenye Triton X-100, detajenti laini, asilimia 1 huyeyusha utando wa seli, lakini huacha GluN2B ya kwenye sinapsi ndani ya mashapo. Unapozungusha sampuli kwenye sentrifuji na kuchukua kimiminika cha juu, unakuwa umeitupa protini unayoitafuta. Bafa ya RIPA yenye SDS asilimia 0.1 ni afadhali kidogo, lakini matokeo yake hubadilika kutoka sampuli moja hadi nyingine, na mabadiliko hayo huweza kuonekana kama matokeo ya utafiti. Jaribio la kuhakikisha ni rahisi: yeyusha mashapo yale kwa SDS asilimia 1, yapitishe kwenye jeli kando ya kimiminika, uone GluN2B iko wapi.

Njia inayotegemeka kwa kipimo cha jumla ni hii. Saga tishu iliyogandishwa moja kwa moja kwenye Tris milimola 50, pH 7.5, yenye SDS asilimia 1, EDTA milimola 5 na vizuizi vya protiesi (vimeng'enya vinavyokata protini), mililita 1 kwa kila miligramu 100 za tishu. Itakuwa nzito kama kamasi kwa sababu ya DNA. Ivunje kwa mawimbi ya sauti, sekunde 5 mara tatu, au ipitishe kwenye sindano nyembamba. Usiiweke kwenye barafu baada ya hapo, SDS itaganda na kuwa chembe nyeupe. Jihadhari na PBS yenye potasiamu pia, nayo huigandisha SDS. Pima kiasi cha protini kwa kipimo cha BCA, kwa maana kile cha Bradford huharibiwa na SDS.

Ukitaka ishara kali zaidi, tenga sehemu ya sinapsi. Saga kwenye sukrosi mola 0.32 na HEPES milimola 4, pH 7.4, yote ikiwa baridi. Zungusha kwa 1,000 × g dakika 10 ili kuondoa viini na vipande vikubwa, kisha kimiminika kizungushwe kwa 12,000 × g dakika 15. Mashapo ya pili, P2, ndiyo yenye sinapsi. Yayeyushe kwa SDS asilimia 1. Mikrogramu 10 hadi 15 za P2 kwa kila njia zinatosha. Kwa tishu nzima iliyosagwa weka 20 hadi 40.

Kisha tazama ndani ya vishimo vya jeli na ukingo wake wa juu kabisa. Ukiona weusi umekwama hapo, protini imeshikamana kwa kuchemshwa. Protini zinazovuka utando wa seli mara kadhaa huwa na tabia hii, nyingine zaidi ya nyingine. GluN2B mara nyingi huvumilia, lakini badala ya nyuzi joto 95 kwa dakika 5, jaribu 70 kwa dakika 10 ukiwa na DTT, inayovunja madaraja ya salfa, milimola 100. Ikiwa bado, nyuzi 37 kwa dakika 30.

Yote hayo yakiwa sawa na bado karatasi ni tupu, pima mfumo wa mwanga. Dondoshea tone la mikrolita 1 la kingamwili ya pili iliyozimuliwa (ile inayoshika kingamwili ya kwanza na kubeba HRP, kimeng'enya cha kutoa mwanga) kwenye kipande cha karatasi na uweke ECL, dawa ya mwanga. Isipowaka, dawa au kingamwili ya pili imekufa. Sababu inayosahaulika ni azidi ya sodiamu: huua HRP. Inaruhusiwa kwenye kingamwili ya kwanza kwa kuwa huoshwa kabla ya HRP kufika, lakini ikitiwa kwenye bafa ya kuoshea au ya kingamwili ya pili, umezima taa mwenyewe. Hakikisha pia kingamwili ya pili inalingana na mnyama: monokloni (kingamwili za aina moja tu) nyingi za GluN2B ni za panya, polikloni (mchanganyiko wa aina nyingi) nyingi ni za sungura, na ndani ya friza moja chupa hizo hufanana mno.

Dalili: mstari upo, ila kwenye uzito usio wake

*Karibu na kDa 115.* Hii ndiyo dalili yenye mafunzo mengi kuliko zote. Kalpeini, protiesi inayoamshwa na kalisi, hukata mkia wa C wa GluN2B na kuacha kipande cha upande wa N chenye kDa 115 hivi. Kingamwili ya upande wa N itaonyesha mistari miwili, 180 na 115. Kingamwili ya mwisho wa mkia itaonyesha 180 iliyofifia tu, na utasema protini imepungua ilhali imekatwa. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba ugonjwa au dawa fulani hupunguza GluN2B, pitisha sampuli zilezile kwa kingamwili za pande zote mbili.

Kalpeini hufanya kazi yake kati ya kifo cha mnyama na kugandishwa kwa tishu, na tena wakati tishu inayeyuka. Toa ubongo haraka, gandisha kwenye naitrojeni ya maji, na usagaji ufanyike kabla tishu haijalegea. PMSF peke yake haitoshi: ni kizuizi cha protiesi za serini, na kalpeini ni ya sisteini. Tena PMSF hupoteza nguvu majini kwa muda mfupi, hivyo kuichanganya asubuhi kwa kazi ya jioni ni sawa na kutoichanganya. Tia leupeptini au E-64, na EDTA au EGTA milimola 2 hadi 5 ili kuinyima kalpeini kalisi yake.

Angalia lakini usije ukachanganya kipande hiki na GluN1, ambayo nayo hukaa kwenye 115 hadi 120. Kama karatasi hiyohiyo ilitumika kwanza kwa GluN1 kisha ikasafishwa na kutumika tena, mstari huo unaweza kuwa mabaki. Weka dawa ya mwanga kwenye karatasi iliyosafishwa, kabla ya kingamwili mpya, uhakikishe haiwaki.

*Kwenye 50 na 25.* Ni minyororo mizito na myepesi ya IgG, yaani ya kingamwili zenyewe. Hutokea unapotumia kingamwili ya panya kwenye tishu ya panya ambayo haikuoshwa damu, au baada ya kuvuta protini kwa kingamwili. Kwa bahati nzuri iko mbali na 180. Kata karatasi kwenye kDa 100 uendelee na kazi.

*Zaidi ya 250.* Protini imeshikamana: shusha joto na ongeza DTT mpya. DTT iliyokaa mezani wiki nzima haina nguvu.

*Karibu na 160 kwenye seli za HEK293.* Huenda ni GluN2B ambayo haijakamilishwa sukari zake. Kata sukari kwa kimeng'enya PNGase F kwenye sampuli ya ubongo na ya seli. Mistari ikikutana mahali pamoja, protini ni moja.

Dalili: mistari mingi, au karatasi yote ni nyeusi

Ukungu ulioenea sawasawa juu ya karatasi nzima hutoka kwenye kuziba (kufunika sehemu tupu za karatasi) au kuosha. Ziba kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta asilimia 5 kwenye TBS yenye Tween-20 asilimia 0.1, saa moja. Osha mara tatu, dakika 10 kila mara, kwa maji mengi yanayofunika karatasi vizuri. Madoa ya nuktanukta ni chembe za kingamwili zilizoshikana au maziwa yasiyoyeyuka: zungusha chupa kwa 10,000 × g kwa dakika chache kabla ya kuchota, na uchuje maziwa.

Mistari mingi iliyo wazi ni jambo jingine. Pitisha karatasi moja bila kingamwili ya kwanza. Mistari ikibaki, ni ya kingamwili ya pili. Ikitoweka, ni ya ile ya kwanza, na hapo shusha kiasi chake: kutoka 1:1000 nenda 1:3000 na 1:10,000, ukilaza usiku kucha kwenye nyuzi 4. Mstari wa kweli hufifia polepole kuliko ya uongo. Isipokuwa hivyo, kingamwili hiyo haifai kwa bloti. Huenda ikafaa kwa kitu kingine, lakini usihangaike nayo.

Mstari mweupe katikati ukizungukwa na weusi, au mstari unaong'aa kwa macho gizani kisha ukazimika, maana yake HRP imezidi na imekula dawa yote ya mwanga papo hapo. Wengi huona weupe huo wakaongeza kingamwili, na hali inazidi kuharibika. Zimua ya pili hadi 1:20,000 na upunguze protini kwenye njia. Hata pale mstari unapoonekana mzuri, picha iliyojaa kupita kiasi haiwezi kupimwa. Weka ngazi ya mikrogramu 2.5, 5, 10 na 20 za sampuli moja. Kama namba hazipandi kwa uwiano, uko nje ya eneo la kupimia. Kwa kulinganishia kiasi cha protini kilichopakiwa, protini ya GAPDH ya kDa 37 hukimbia nje ya jeli ya asilimia 6, hivyo tumia tubulini au jumla ya protini kwa Ponceau.

Dalili: kingamwili ya GluN2B inaona pia GluN2A

Mbili hizi zina uzito unaokaribiana sana, kwa hiyo jeli ya tishu haitakuonyesha kosa. Jeli ya HEK293 iliyotajwa juu itakuonyesha. Chanzo huwa ni antijeni (kipande kilichotumika kutengenezea kingamwili) iliyochaguliwa vibaya: GluN2A na GluN2B huishia kwa asidi amino zilezile nne, zinazoandikwa ESDV, ndizo zinazoshika PSD-95, protini ya nyuma ya sinapsi. Kingamwili iliyotengenezwa kwa peptidi ya mwisho kabisa wa mkia inaweza kuziona zote mbili. Katikati ya mkia tofauti ni kubwa, na huko ndiko kingamwili nzuri nyingi zinakotoka. Muuzaji asiyesema antijeni yake imetoka asidi amino ya ngapi hadi ya ngapi, mpite.

Shida kama hiyo ipo kwa vipokezi vya AMPA, aina nyingine ya vipokezi vya glutamati. Mikia ya GluA2 na GluA3 hufanana mwishoni, ndiyo maana chupa nyingi zimeandikwa waziwazi GluA2/3. Kwa mGluR5, kipokezi kingine cha glutamati, suala ni jingine: huungana wawiliwawili kwa madaraja ya salfa, na mstari wa juu ya 250 hapo si takataka bali ni kipokezi chenyewe ambacho DTT haikukitenganisha.

Dalili: kingamwili ya fosfo haibadiliki, au haionyeshi kitu

Kingamwili ya fosfo hutakiwa kushika protini pale tu inapokuwa imewekewa fosfati mahali fulani. Kwenye GluN2B inayopimwa zaidi ni tairosini 1472, ambayo kimeng'enya Fyn huiwekea fosfati, na serini 1303, inayowekewa na kimeng'enya CaMKII. Fosfati za tairosini huondolewa haraka sana baada ya kifo, kwa hiyo mnyama aliyecheleweshwa dakika chache anaweza kukupa jibu tofauti na mwenzake hata kama walitendewa sawa. Kila mnyama apite kwenye mikono yako kwa muda uleule.

Vizuizi vya fosfatesi (vimeng'enya vinavyoondoa fosfati) viwemo tangu tone la kwanza: floridi ya sodiamu milimola 10 hadi 50, na othovanadati ya sodiamu milimola 1. Vanadati lazima iamshwe: rekebisha hadi pH 10, chemsha mpaka rangi ya njano ipotee, poza, rekebisha tena, rudia hadi ibaki bila rangi. Ya njano haifanyi kazi. Tambua pia kwamba EDTA na DTT huiharibu vanadati, hivyo kwa jaribio la fosfo weka EGTA pale ulipokuwa ukiweka EDTA na DTT ije tu kwenye bafa ya kupakia.

Badala ya maziwa ziba kwa BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 3 hadi 5, kwani kaseini ya maziwa ina fosfati nyingi. Kisha hakikisha kwa fosfatesi ya lambda: gawa sampuli isiyo na vizuizi mara mbili, moja iwekewe kimeng'enya na kloridi ya manganizi milimola 1, nyuzi 30 kwa dakika 30, nyingine iwekwe vivyo hivyo bila kimeng'enya. Mstari usipotoweka, kingamwili hiyo inaona protini bila kujali fosfati. Kimeng'enya hiki hakitafanya kazi kwenye SDS asilimia 1. Tumia sampuli ya P2 iliyoyeyushwa kwa detajenti laini, ukikubali kwamba utapata kidogo. Na siku zote gawanya namba ya fosfo kwa GluN2B yote, si kwa tubulini.

Dalili: kwenye kipande cha ubongo, miili ya seli inang'aa na sinapsi ni giza

Katika hipokampasi ya panya mzima, GluN2B ya kweli hujaza tabaka za matawi ya CA1 (eneo moja la hipokampasi), juu na chini ya miili ya seli, na mstari wa miili ya seli wenyewe huonekana hafifu. Picha ikiwa kinyume, viini na miili iking'aa huku matawi yakiwa giza, usiifurahie hata kama ni nzuri.

Sababu ya kawaida si kingamwili mbaya. Paraformaldehidi huzifunga protini za sinapsi pamoja mpaka kingamwili isipate mlango. Punguza muda: baada ya kupitisha paraformaldehidi asilimia 4 kwenye mishipa, ubongo ukae humo saa 2 hadi 4, usilale humo usiku kucha. Kisha fungua tishu kwa pepsini. Kwa vipande vya mikromita 40 anza na pepsini miligramu 0.2 kwa mililita kwenye HCl ya 0.2 N, nyuzi 37, dakika 5, halafu osha mara tatu kwa PBS. Panda taratibu hadi miligramu 1 kwa dakika 10 kama haitoshi. Kipande kikianza kupasuka ukikiinua kwa brashi au DAPI, rangi ya viini, ikififia, umezidisha. Njia ya pili ni sitrati milimola 10, pH 6.0, nyuzi 80 kwa dakika 30. Ya tatu ni kukata ubongo uliogandishwa bila kufungwa kisha kuutia methanoli ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa dakika 10. Maumbo hayatakuwa mazuri, lakini ishara huwa wazi.

Kingamwili ya panya kwenye ubongo wa panya huleta mishipa ya damu inayong'aa. Osha damu yote kwa salaini kabla ya paraformaldehidi, ziba kwa vipande vya kingamwili viitwavyo Fab dhidi ya IgG ya panya, na uchague kingamwili ya pili inayoshika aina moja tu, kwa mfano IgG1 au IgG2b, kulingana na kloni yako. Kwa ubongo wa mnyama mzee au wa binadamu, nukta zinazong'aa kwenye rangi zote za hadubini ni lipofusini, mabaki yanayojikusanya ndani ya seli kwa umri. Sudan Black B asilimia 0.1 kwenye ethanoli asilimia 70, dakika 10, huzizima.

Dalili: unataka vipokezi vya juu ya seli tu, lakini unaona vya ndani

Hapa ni kingamwili ya upande wa N pekee. Ya mkia haifai hata kidogo kwa kuwa mkia uko ndani. Weka kingamwili kwenye seli hai zikiwa baridi, dakika 15 hadi 20, osha, ndipo ufunge kwa paraformaldehidi asilimia 4 yenye sukrosi asilimia 4. Paraformaldehidi yenyewe hutoboa utando kidogo, hivyo kufunga kwanza kisha kuweka kingamwili bila Triton si salama kama inavyodhaniwa. Kwenye seli za pembeni weka kingamwili ya MAP2 kwa utaratibu uleule. MAP2 iko ndani. Ikionekana, seli zako zimevuja na picha zote za siku hiyo hazihesabiki.

Dalili: kuvuta GluN2B kwa kingamwili hakutoi kitu

Sababu ni ileile ya Triton. Kama unataka GluN2B yenyewe tu, kwa mfano kupima fosfati, yeyusha kwa SDS asilimia 1, zimua mara kumi kwa bafa yenye Triton asilimia 1 ili SDS ishuke hadi 0.1, ndipo uweke kingamwili. Kama unataka PSD-95 ije nayo, SDS itawatenganisha. Tumia dioksikolati ya sodiamu asilimia 1 kwenye Tris milimola 50, pH 9.0, nyuzi 37 kwa dakika 30, kisha ongeza Triton na uzungushe. pH isishuke karibu na 7, dioksikolati itaganda kama uji. Kingamwili inayofanya vizuri kwenye bloti huweza kushindwa hapa, kwa maana kwenye bloti protini imekunjuliwa na hapa bado imejikunja.

Dalili: ilikuwa ikifanya kazi, sasa haifanyi

Tazama namba ya toleo kwenye chupa. Polikloni ya sungura mpya ni damu ya sungura mwingine, hata kama namba ya katalogi ni ileile. Monokloni hubadilika kidogo zaidi, na zile zinazotengenezwa kutokana na mfuatano unaojulikana hubadilika kidogo kuliko zote. Ukiwa na uchaguzi, nunua hizo.

Kama toleo ni lilelile, uliza hifadhi. Kingamwili iliyo kwenye gliseroli asilimia 50 haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na hustahimili umeme kukatika kwa saa chache. Isiyo na gliseroli huganda na kuyeyuka kila umeme unapokwenda na kurudi, na kila mara huacha chembe zilizoshikana. Igawe mara inapofika, mikrolita 10 kwa kila kichupa, na uviweke ndani ya sanduku la povu lenye vifuko vya barafu katikati ya friza. Friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe hupasha moto kwa vipindi hata umeme ukiwepo. Hizo ni za samaki, si za kingamwili.

Andika namba ya RRID (utambulisho wa kipekee wa kila kingamwili), toleo, kipimo cha kuzimua na muda wa picha kwenye kila bloti. Tengeneza pia sampuli moja kubwa ya P2 ya gamba la ubongo, uigawe vichupa vya kutosha mwaka, uiweke kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na uipitishe kwenye njia moja ya kila jeli. Toleo jipya la kingamwili lijaribiwe kwa sampuli hiyo kabla la zamani halijaisha.